Wingu la Mtani Haliombwi

Wingu lile lilizaliwa Uhehe, juu ya msitu wa milimani, na lilipofikia umri wa kuonekana kwa macho lilikuwa tayari na alama sikioni, kama ndama wa mtu mwenye wivu. Lilikuja polepole kuelekea kaskazini, limenona, tumbo la kijivu linaning'inia, likasimama mpakani na kuichungulia Ugogo kama mwenye harusi anavyomchungulia asiyealikwa.

Nyemo Chilewa alilitazama kutoka dirishani, ghorofa ya juu ya Mamlaka ya Mawingu pale Dodoma, akameza mate.

"Mapigo ya moyo wako yamepanda," ilisema sauti kutoka ukutani.

"Wewe pima mawingu. Moyo wangu una mwenyewe, nimeolewa."

Aliyesema hakuwa mtu. Ilikuwa Mizani, mtambo uliojua kila wingu la nchi nzima: uzito wake, umri wake na, kubwa kuliko yote, mwenyewe ni nani. Maana siku hizo mawingu yalikuwa na wenyewe. Kandokando ya kila msitu zilisimama nguzo zilizopuliza unga mwepesi kuliko vumbi. Miti ilipotoa pumzi yake ya mchana, unga ule ulipanda nayo, na wingu likazaliwa na harufu ya kwao. Mizani ikanusa, ikakumbuka, kwisha kazi. Msitu wako, pumzi yako, wingu lako. Likitaka kwenda kunyesha kwa jirani bila kununuliwa mnadani, nyuki wanalirudisha nyumbani.

Nyuki wenyewe walikuwa vidude vya kuruka, vidogo kama kiganja cha mtoto, na wengi kama umbea. Walipasha hewa moto upande mmoja wa wingu na kuipoza upande wa pili, na wingu likafuata ubaridi kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Aliyewaamuru ni Nyemo. Cheo chake kilikuwa Afisa wa Sera na Mitambo, kazi yenye miguu miwili: asubuhi anaandika kanuni, mchana anachunga mawingu. Ofisini walikuwapo waliojua sheria wakaogopa nyuki, na waliojua nyuki wakasinzia sheria zikisomwa. Nyemo alijua vyote viwili, ndiyo maana alilaumiwa kwa vyote viwili.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, kutoka kijijini Chilungule.

"Mwanangu, uwele umetoa masuke, lakini majani yamejisokota kama sigara za babu yako."

"Naona, mama. Naona hapa kwenye kioo."

"Basi kioo hakijakuonyesha hili. Amekuja bwana mmoja wa serikali, anapima milango."

"Anapima milango?"

"Anataka kujua kama kabati langu litaingia kwenye lifti huko magorofani. Nimemwambia kabati litaingia. Mimi ndiye sitaingia."

Nyemo alifumba macho. Ilikuwepo Sheria ya Ardhi Iliyochoka: kijiji kikikosa mavuno misimu mitatu mfululizo kinafungwa, na watu wake wanapelekwa kuishi magorofani mjini, kila mtu na balkoni yake ya kuanikia huzuni. Chilungule ilikuwa imekosa misimu miwili. Huu ulikuwa wa tatu, na masuke yalikuwa yamesimama pale shambani, matupu, yanasubiri mvua moja tu ya kujaza punje. Mvua yenyewe ilikuwa mpakani, ina alama ya Uhehe.

*

"Fuata utaratibu," alisema Mkurugenzi Ngalomba. Alikuwa mtu safi, mwenye suti isiyokunjamana na maneno yasiyokunjamana. "Mwombe mwenye wingu. Akikataa, tumemaliza wajibu wetu."

Mwenye wingu, kwa maana ya serikali, alikuwa Msimamizi wa Mawingu ya Nyanda za Juu, Bi Sekindole. Alitokea kwenye kioo cha ukutani amejifunga blanketi begani, uso mpana, na mkononi ana kikombe ambacho mwenyewe alisema ni cha chai.

"Mheshimiwa Msimamizi, kamwene," Nyemo akaanza kwa salamu ya Kihehe. "Kwa niaba ya Mamlaka, na kwa kuzingatia hali ya ukame..."

"Kamwene. Endelea kuzingatia."

"Tunaomba, kwa heshima na taadhima, mtuachie sehemu ya wingu lililoko mpakani."

Sekindole akaweka kikombe chini. "Unaniomba?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Tunaomba."

"Wewe si Chilewa? Wa Chilungule? Mgogo wa kumezea mlenda?"

"Ndiye mimi."

"Na unaniita mheshimiwa." Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. "Haya, mwombaji, sikiliza jibu la mheshimiwa. Wingu hilo lina kazi. Tumepanda miche mlima mzima, inalisubiri. Bibi yangu alibeba miche kichwani na mama yangu mgongoni, miaka ambayo ninyi mlikuwa mnachoma mkaa na kutupungia mikono barabarani. Leo msitu umekua, unapumua, mmeona raha yake. Mgeni akitaka wingu huenda mnadani. Nenda mnadani, mgeni."

Kioo kikazima.

"Basi," alisema Ngalomba akiinuka. "Mnadani hatuna ubavu. Amri ya kufunga kijiji naipeleka leo."

*

Nyemo alibaki peke yake, na kilichomuuma hakikuwa kunyimwa. Kunyimwa alikuzoea, alikuwa mtumishi wa umma. Lilimuuma lile neno la mwisho. Mgeni!

Tangu lini? Wagogo na Wahehe walipigana zama za mababu, wakapigana, hata wakachokana, na walipochokana wakawa watani. Mtani huingia uani kwako mchana kweupe, akabeba kuku, akakutukana na ukoo wako juu yake, nawe unacheka. Ukinuna, wewe ndiye uliyeharibu. Mtani hulizuia jeneza la baba yako njiani mpaka umpe chochote, na unampa, na ndiyo maana siku ya msiba hulii peke yako. Mambo hayo yote Nyemo aliyajua tangu anatambaa. Lakini alipopata kitambulisho cha serikali alisaini mwongozo wa watumishi, na mwongozo ulikataza kejeli. Kumbe alisaini kuwa mgeni.

Tena mtani hana mdomo wa kuomba. Hachukui kwa sababu amepewa, anachukua kwa sababu ni mtani. Akiomba, amefunga mlango mwenyewe na kubisha hodi kwa nje.

"Mizani," aliita. "Nisomee kifungu cha wizi wa wingu."

"Atakayehamisha wingu la mwingine bila mnada ametenda kosa, iwapo yeyote katika wenye wingu atalalamika kabla ya wingu hilo kunyesha."

"Na wasipolalamika?"

"Hapana kosa. Lakini tangu sheria ianze, haijatokea."

Nyemo alitabasamu. Walioandika kifungu kile walidhani hakuna binadamu atakayechukuliwa chake akanyamaza. Walikuwa watu wa mjini.

Lakini tabasamu halikukaa. Lile la mkaa lilikuwa kweli tupu. Hakuna jiwe limpigalo mtu kama kweli. Wale wa juu walipanda, wa chini walikata. Je, aliyelala ana haki ya kula alichopika aliyekesha? Na yeye mwenyewe, mwenye funguo za nyuki wa taifa zima, akifungua kwa ajili ya kijiji cha mama yake, ni mtani huyo au ni mwizi aliyevaa kitambulisho?

"Nikikata kipande cha mbele peke yake, kitatosha Chilungule?"

"Kitatosha kujaza masuke. Hakitatosha kujaza bwawa."

"Na miche ya huko juu?"

"Mingi itapona. Ya mteremko unaopigwa na jua itakufa."

"Mingi?"

"Kiasi cha kukunyima usingizi."

Mtambo ule, tangu ulipofundishwa kusema kweli, ulikuwa hauna hata chembe ya adabu. Nyemo alizunguka chumba. Mtani hubeba kuku mmoja, habebi banda. Hilo la kwanza. La pili, mwizi huficha uso, mtani hupiga kelele. Na la tatu ndilo lililomtia baridi: mtani anayechukua lazima naye awe na ua usiofungwa. Kama hayuko tayari kuchukuliwa, huyo si mtani, ni mnyang'anyi mwenye vichekesho.

Akavuta kiti, akaketi mbele ya kioo cha kuwaamuru nyuki wake.

*

Ngalomba aliingia mbio jua likiwa utosini. "Bi Nyemo! Nimeambiwa umefungua matangazo ya nyanda zote za juu. Unataka kufanya nini?"

"Kuchukua kuku, Mkurugenzi."

"Huo ni wizi!"

"Wizi una adabu zake, kwanza mwizi hasemi jina. Kwani wewe, Mkurugenzi, mtani wako nani?"

Ngalomba alifikiri kwa uaminifu. "Sina. Nilikulia magorofani."

"Pole. Ndiyo maana huna hata wa kukuibia." Akabonyeza.

Kila kioo cha Uhehe, cha shuleni, cha zahanati, cha kilabu cha ulanzi, kikatoa uso wa Nyemo, na redio za nchi nzima zikadaka sauti yake.

"Wahehe! Watumwa wa babu yangu! Ni mimi, Nyemo binti Chilewa, wa Chilungule. Niko uani kwenu mchana kweupe. Nabeba kuku mmoja, yule wa mbele aliyenona, banda nimewaachia. Siombi! Nimwombe nani? Watu ambao hata mbwa wao hulala wamevaa hirizi? Mwenye uchungu ajifunike blanketi lake, alilie huko huko."

"Mungu wangu," alisema Ngalomba, akaketi bila kuangalia kama pana kiti. Bahati yake kilikuwepo.

Mizani ikatangaza kwa sauti yake ya mahakamani: "Uchukuaji umesajiliwa. Malalamiko yanapokelewa mpaka tone la kwanza liguse ardhi ya Chilungule. Lalamiko moja linatosha kulirudisha wingu na kumfikisha afisa mbele ya sheria."

Moja! Katika Uhehe nzima, yenye watu wepesi wa hasira kama kiberiti, asipatikane hata mmoja.

Nyuki wakapanda. Waliingia kwenye wingu kwa mstari kama kisu kwenye ugali, na kipande cha mbele kikameguka, kikayumba, kikaanza kutembea. Chini yake nyika ilikuwa nyekundu, imekauka.

Kisha Mizani ikasema: "Ujumbe kutoka Uhehe. Unasema, 'Mwambieni huyo mla mlenda, wingu hilo lina mawe ndani, afunike kipara cha mjomba wake.' Je, hili ni lalamiko?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Amesema nisiingilie ugomvi wa watu wazima."

Ukaja mwingine, na mwingine, na halafu ukaja mto mzima wa matusi. Bibi mmoja alisema lile wingu kwao walikuwa wanalitumia kufulia, Wagogo walinywe tu. Darasa zima la shule lilituma wimbo, na wimbo ule haufai kuandikwa hapa. Mizani ilianza kushikwa na kigugumizi. "Lugha kali imepokelewa. Lugha kali imepokelewa. Hakuna aliyelalamika. Sielewi. Wanafurahi?"

"Wanafurahi sana," alisema Nyemo, machozi yakimtoka kwa kicheko.

Ndipo ikaja sauti isiyocheka.

"Naitwa Kalinga," alisema mwanamume kwenye kioo. Nyuma yake palikuwa na mteremko, na kwenye mteremko miche, mistari kwa mistari, midogo kama vidole. "Mimi ndiye ninayetunza hii. Mmecheka, sawa. Lakini hii ya upande wa jua inakufa, nami nilichimba kila shimo kwa mkono wangu. Nataka kulalamika."

Kipande cha wingu kilikuwa kimeshaingia Ugogo, Chilungule ikionekana mbele yake kama sahani tupu.

"Mwambie tutamlipa fidia!" Ngalomba alinong'ona. "Mwombe radhi!"

Nyemo alijua kwamba neno moja la kuomba lingelibomoa lote. Na alijua kwamba mtu yule alikuwa na haki yake kamili. Akamtazama usoni.

"Kalinga, ni kweli. Miche yako ile itakufa, na nimeiua mimi. Wingu nimelibeba nikijua."

"Unakiri?"

"Nakiri. Kwani nakuogopa? Sasa na wewe njoo uchukue kwangu."

"Nichukue nini?"

"Usiniulize! Mtani anauliza? Ulilelewa na nani wewe, na mgeni?"

Kalinga aligeuka nyuma. Akaitazama miche yake, akalitazama wingu lake lililopungua. Mizani ikasema, "Lalamiko linasubiri kuthibitishwa."

"Mnao ng'ombe?" Kalinga aliuliza mwishowe.

"Mama yangu ana dume jekundu. Analipenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Kubwa?"

"Likipita mlangoni nyumba inaingia giza."

Mdomo wa Kalinga ukacheza kidogo pembeni. "Silalamiki," alisema. "Lakini nakuja. Na nikija nakuja na ndugu zangu wa miche, vijembe mkononi, tutachimba mashimo kwenye hilo jangwa lenu mlilolichoma mkaa. Hatutawauliza mnataka miti ya nini. Mtaimwagilia kwa mate yenu."

"Ukija usibishe hodi," alisema Nyemo.

Kabla hajafuta uso, Sekindole alitokea kwenye kioo cha pili na kikombe chake, anacheka hadi blanketi limeanguka.

"Sasa ndiyo umenisalimia, we mtumwa!" alisema. "Asubuhi nilidhani umekufa, wamemweka mwingine kwenye kiti chako."

Simu ikalia kwa hasira. "Nyemo!" Sauti ya mama yake ilijaza chumba. "Nimekusikia kwenye redio! Nani kakuruhusu kumpa mtu dume langu?"

"Mama, sikumpa. Ataliiba."

"Ataliiba? Mhehe?" Ikasikika pumzi yake, kisha kicheko kidogo kilichokuwa kinapambana na majonzi. "Mshenzi huyo. Aje basi, nimtukane vizuri. Lakini mwanangu, nikuulize, huko ofisini kwenu mnasikia..."

Hakumaliza. Kwenye simu ilisikika kama mtu anamwaga mtama juu ya bati, punje moja moja, halafu gunia zima. Mama alipiga kigelegele kile ambacho hakikuwa kimesikika Chilungule misimu miwili, na nyuma yake kikapokelewa na kingine, na kingine, kijiji kizima.

"Tone la kwanza limegusa ardhi," ilisema Mizani. "Malalamiko: hakuna. Kosa: hakuna." Kisha ikaongeza: "Afisa Nyemo, naomba kufundishwa matusi."

*

Kifungu cha Utani kiliandikwa mwaka huo huo, na Nyemo ndiye aliyekiandika. Kilikuwa kifupi kuliko vyote vya Sheria ya Mawingu: lichukuliwe mchana, lichukuliwe kipande, asiombe mtu. Na anayechukua aache ua wake wazi. Bungeni walibishana sana, mpaka Wasukuma walipokumbuka kwamba Wazaramo ni watani wao, wakatazama mawingu ya pwani kwa macho mapya, kifungu kikapita kwa kishindo. Mkurugenzi Ngalomba alifunga safari ya kuutafuta ukoo wake ili ajue watani wake ni akina nani. Walipopatikana walimvua koti siku ya kwanza.

Kalinga alikuja kama alivyoahidi, hakubisha hodi, akaondoka na dume jekundu huku mama yake Nyemo akimfuata nusu ya njia akimwaga matusi na kumpa maji ya kunywa. Nyuma yake aliacha mashimo, na katika kila shimo mche.

Lakini linalosimuliwa zaidi Chilungule si hayo. Ni asubuhi ile ya kwanza baada ya mvua.

Amri ya kufunga kijiji ilikuwa imeshatoka, na amri ya serikali ikishatoka haina breki. Huwezi kuiambia mvua imenyesha. Kwa hiyo likaja lori refu la kuhamisha watu, lina ngazi ya kupandia na picha ya familia inayocheka balkonini. Dereva wake alikuwa na karatasi ya amri, lakini hakuwa na habari ya matope. Alipofika kwenye bonde la kuingilia kijijini, magurudumu yalizama taratibu, kama mtu mnene anavyokaa kwenye sofa, na lori likatulia.

Watu wa Chilungule wakatoka mashambani, wamelowa, masuke ya uwele yameinama kwa uzito nyuma yao. Walilizunguka lori wakaitazama ile familia inayocheka.

"Jamani," alisema dereva, matope yamefika kwenye mlango. "Nimekuja kuwachukua. Nisaidieni."

Walitazamana. Kisha, bila kuambizana, wakavua viatu, wakaweka mabega nyuma ya lori, wazee kwa vijana, na mwenye nguvu na asiye nazo. Mama yake Nyemo alisimama juu ya kichuguu, khanga kiunoni, matope hadi magotini, akawa ndiye nahodha.

"Haya, moja, mbili!" alipaza sauti. "Sukumeni! Lakini geuzeni kwanza, uso wake uelekee mjini!"